Nina shahada ya ubunifu wa mavazi, na Amu wananiita fundi cherehani

Shangazi, assalaam alaykum.

Mimi ni msichana wa miaka 25, mzaliwa wa Langoni, Amu, yaani mji wa Lamu. Mwaka jana nilimaliza shahada ya ubunifu wa mavazi katika chuo kikuu kimoja cha bara. Nilisomeshwa kwa HELB, mkopo wa serikali wa wanafunzi, na palipopungua alijaza ami yangu kwa pesa za jahazi lake. Ndiyo maana maneno yake yananiuma kuliko ya watu wengine. Juzi alinambia mbele ya wageni, "Fundi wa pale Usita wa Mui hakufika hata sekondari na ana cherehani tatu. Wewe umekula miaka minne na huna hata duka."

Si kwamba nimekaa bure. Chumba cha chini nyumbani nimeweka meza ya kukatia na cherehani moja ya umeme. Nashona kaftani za pamba, na shingoni natia darizi ya vitobo kama ya kofia, ambayo babu alinifundisha nikiwa mdogo. Bi mmoja mgeni mwenye duka Shela alizipenda, akanunua sita kwa shilingi 2,500 kila moja. Kitambaa, uzi na vifungo vilinigharimu kama 1,250 kwa kila moja, na siku mbili za kazi, kwa hiyo nilijihesabia nimepata faida nzuri. Baada ya wiki nikapita pale dukani nikaziona zimetundikwa, kibandiko cha shilingi 9,000, na ndani ya kola jina la duka lake. Nilihisi nimeibiwa mchana kweupe. Nilipomuuliza alicheka, akasema biashara ndiyo hivyo, na akaniuliza kama naweza kumtengenezea ishirini nyengine kabla ya Disemba. Bado sijamjibu.

Nyumbani kila mtu ana lake. Mama anataka niombe ukarani ofisi za kaunti, kuna jamaa amesema atanishika mkono. Mashoga zangu wananambia nifungue duka la buibui na sare za harusi. Mwalimu wangu wa zamani asema nifundishe. Rafiki niliyesoma naye yuko kwenye kiwanda cha nguo Athi River, asema wanatafuta wakaguzi wa ubora. Baba hataki kusikia habari hiyo. Asema hatanipeleka mahali nisipokuwa na jamaa nikapange chumba peke yangu. Mombasa angenikubalia, khalati yangu yuko Majengo.

Kuna jambo jengine naona haya kulisema. Fundi jirani yetu hushona kanzu nzima kwa siku moja na mshono wake umenyooka kuliko wangu. Chuoni nguo nilizoshona zilikuwa chache. Mengi yalikuwa michoro, patani za kukatia kitambaa, masomo ya nyuzi na vitambaa, historia ya mavazi na masoko. Sasa shangazi, shahada hii ni ya kazi gani? Na hapa Lamu ina kazi?

Msomi wa Langoni

*

Wa alaykum salaam, mwanangu.

Nianze na hilo unaloonea haya, maana ndilo lililokuvuruga kwenye mengine yote. Jirani yako amekalia cherehani miaka na miaka. Leo anakushinda kwa kasi na kwa unyoofu wa mshono, na mwakani atakushinda vilevile. Mpelekee vipimo vya mtu mmoja, atakupa nguo inayomkaa mtu huyo. Sasa mwambie akushonee kaftani ishirini, za saizi nne, za watu ambao hajawaona, kola zote zilingane, na kutoka saizi moja hadi nyingine kifua na bega viongezeke kwa kiasi kilekile. Atakuuliza patani iko wapi. Kuichora hiyo patani, kuipanua na kuipunguza saizi kwa saizi, kujua kitambaa kitarudi kiasi gani kikifuliwa, kuandika karatasi ya maelekezo yenye mchoro wa mbele na nyuma, vipimo, aina ya mshono na idadi ya vifungo, hata fundi wa Malindi aishone nguo yako bila kukuona uso: hayo ndiyo uliyosomea. Ami wako amelinganisha kazi mbili kwa sababu zote zina sindano ndani yake. Hana kosa sana, hata vyuo vyenyewe havijaeleza vizuri.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza: acha kushona kwa mkono wako nguo za kuuza. Shona sampuli, ile ya kujaribia, ukosoe, ushone tena. Zikishakubalika, kata wewe, kisha wape mafundi washone na uwalipe vizuri. Na anza na huyohuyo jirani.

Sasa tuje Shela. Ninajua ulitarajia niseme umeibiwa. Duka la nguo, popote duniani, kwa kawaida huuza kwa kama mara mbili ya bei ya jumla, na duka la watalii hupandisha zaidi, kwa kuwa kodi ya duka hulipwa miezi kumi na miwili na wateja huja miezi saba au minane. Wewe mwenyeji unajua Shela inavyokuwa masika ikianza. Hoteli nyingi hufunga Aprili hadi Juni. Zile nguo ambazo hazikuuzwa zinakaa kwake, si kwako. Basi 9,000 yake naielewa. Bei iliyokosewa ni 2,500, na hiyo ilitoka kinywani mwako.

Hebu tuihesabu upya. Umetaja 1,250 ya kitambaa, uzi na vifungo. Hukutaja mzigo wa kitambaa kutoka Mombasa mpaka gati ya Mokowe, bara, na kuvushwa, wala nauli ya boti ya kwenda Shela. Weka hata 100 tu kwa kila nguo. Hukujilipa ushonaji, fundi angetaka, tuseme, 500. Tumefika 1,850. Zinabaki 650, na hizo ndizo za kuchora, kukata, darizi ya shingoni, umeme, nguo itakayoharibika, na faida. Kwa siku mbili. Wapakuaji wa pale gatini wangekuachia kazi hiyo.

Bei yako ya jumla iwe 4,000. Akiuza 9,000 bado anapata zaidi ya mara mbili, kwa hiyo hana sababu ya kukasirika, na akikasirika utakuwa umemjua. Mwambie: oda ya ishirini naiweza, bei ni 4,000, nusu mkononi kabla sijaagiza kitambaa, na lebo yangu ikae kwenye mshono wa ubavu hata kama kola ni yake. Akikataa lebo, usigombane. Kutengeneza nguo zinazobeba jina la mwingine ni biashara halali, viwanda vikubwa vinaishi kwayo. Ila jina lako lisipokuwepo bei hupanda, tuseme 4,500. Umlipishe ukimya wako. Na yote yaandikwe, hata kama ni kwenye ujumbe wa simu: saizi, rangi, tarehe, arbuni, na nani anabeba hasara ya nguo iliyorudishwa.

Darizi ya babu yako usiitupe bure. Watu wa Amu wanajua kofia iliyodariziwa kwa mkono inachukua wiki nyingi, wakati mwingine miezi, na hawashangai bei yake. Mtalii hajui mpaka aambiwe. Mimi ningetoa aina mbili: ya kwanza ina mstari mmoja wa vitobo shingoni, hiyo ndiyo ya ishirini za Disemba, ya pili imedariziwa kifua kizima, chache mno kwa msimu, kwa bei ambayo wewe mwenyewe utaona aibu kuitamka. Itamke.

Wasomaji wengi huniuliza kama mtu anaweza kuzuia watu wasimwige. Sheria ya mali ya viwanda ya Kenya ya mwaka 2001 inakuruhusu kusajili umbo au pambo jipya kwa taasisi ya KIPI; ulinzi ni wa miaka mitano, na huweza kurefushwa mara mbili hadi kumi na mitano. Shida ni hilo neno "jipya". Vitobo vya kofia ni mali ya mababu, huwezi kuvifungia kwako. Na nguo iliyokwisha kutundikwa dukani imeshaonekana, huenda isihesabike mpya. Kinachosajilika kwa faida zaidi ni jina, yaani alama ya biashara, ambayo hudumu miaka kumi na kufanywa upya kila ikiisha. Tazama leso: ile nyumba ya Biashara Street, Mombasa, iliyoanza 1887, inabadilisha mapambo kila mara, yanaigwa, na watu bado wanageuza kitambaa kutafuta maandishi ya Mali ya Abdulla. Na miaka michache kabla ya 2010 kampuni moja ya Uingereza ilitaka kulisajili jina la kikoi kule kwao kama alama yake. Pingamizi zikatoka Kenya na ombi likaachwa. Tafuta jina la lebo yako sasa, kabla ya sampuli inayofuata.

Lakini mwanangu, ningekuwa na umri wako na cheti chako, nikiwa Amu, nguo zisingekuwa za kwanza. Ningeanza na nyumba.

Hesabu nyumba za wageni na hoteli kutoka Mkomani mpaka Shela, uvuke Manda. Kila moja ina baraza, na kila baraza ina magodoro na mito. Kuna mapazia, vyandarua, mashuka, vitambaa vya meza, sare za wapishi na za manahodha wa boti za hoteli. Jua na chumvi haviwachi kitambaa kizima. Baada ya misimu michache rangi imekwenda na mishono imefumuka. Wengi wao huagiza Mombasa au Nairobi, mzigo unazunguka Malindi na Witu, unafika Mokowe, unavushwa, kisha pazia inakuja fupi kwa inchi nne kwa sababu aliyeikata hajawahi kuona dirisha la nyumba ya mawe. Wewe unaweza kulipima dirisha lenyewe kabla ya chai ya saa nne.

Nitakupa mfano mmoja ili uone shahada yako inavyolipa. Meneja anataka foronya arubaini za mito ya baraza, mraba wa sentimita 50. Kitambaa kikishafuliwa kina upana wa mita moja na nusu. Fundi wa kawaida atakata vipande vya 52, aache sentimita moja ya mshono kila upande. Kwenye upana huo vinakaa viwili tu, kinachobaki kinakuwa vitambara. Foronya arubaini ni vipande themanini, safu arubaini, karibu mita 21. Wewe kata vipande vya 49: vinakaa vitatu kwa safu, safu ni 27, unatumia mita 13 na kidogo. Foronya inatoka na sentimita 47, na mto wa 50 ukiingia humo unakaa umejaa, hauna mikunjo, unapendeza kuliko ukipwaya. Umeokoa mita saba na nusu. Ikiwa mita ni 700, hizo ni zaidi ya shilingi 5,000 kwenye oda moja ndogo, na hukupunguza ubora wowote. Hesabu hiyo iandike kwenye karatasi, umpelekee meneja pamoja na foronya moja ya mfano. Wala usisahau kufua kitambaa cha pamba kabla ya kukata. Ukikifua baada ya kushona, utakuja kuitwa.

Kizuri zaidi ni kwamba kazi hii ina msimu uliopishana na wa nguo. Kaftani huuzwa zaidi Julai na Agosti, kisha Disemba hadi Machi. Mapazia na mito hubadilishwa hoteli zikiwa zimefungwa, Aprili hadi Juni, wakati maduka ya Shela yanalala. Mtu mwenye vyote viwili miezi yake ya njaa ni michache.

Pia usidharau yaliyo karibu. Tayari kuna watu Lamu wanaoshona mifuko kwa matanga makuukuu ya majahazi, na Siyu inajulikana kwa kazi ya ngozi. Mkoba wa tanga wenye mshipi wa ngozi ya Siyu, patani yake umeikata wewe, ni bidhaa ambayo mtalii hawezi kuipata Nairobi.

Habari ya kiwanda. Nisikufiche, mshahara wa kuanzia wa mkaguzi wa ubora si wa kujengea nyumba, na siku ni ndefu. Lakini pale ndipo mtu anapojifunza kwa nini shati moja hupita mikono mingi, mshono mmoja unachukua sekunde ngapi, na kwa nini kontena zima hurudishwa kwa sababu ya kitufe. Ukikaa, kuna ngazi: mtengeneza patani wa kompyuta, kisha mpangaji wa oda, yule anayesimama kati ya mnunuzi wa ng'ambo na kiwanda, anahesabu kitambaa, anafuata tarehe, anajibu barua. Kwa uandishi wako nakuona kwenye hiyo ya mwisho. Ujue tu kwamba viwanda vya Athi River, vilivyo katika EPZ, eneo la viwanda vya kupeleka bidhaa nje, vimejengwa juu ya soko la Marekani na sheria yao ya AGOA ya mwaka 2000, iliyoruhusu nguo kuingia bila ushuru. Kila muda wa sheria hiyo unapokaribia kwisha, oda hutetemeka na vibarua huwa wa kwanza kuachishwa.

Baba yako namuunga mkono kwa sehemu. Na si lazima umvunjie neno, kwa kuwa Mombasa nako kuna viwanda vya nguo za kupelekwa nje, na Majengo kuna khalati. Ningeliweka hivi: timiza oda ya Disemba, msimu wa kufungwa ukifika, pita kwenye nyumba na hoteli. Ikiwa hadi mwisho wa Juni hujapata oda mbili za maana za mapazia na mito, funga begi uende Mombasa mwaka mmoja au miwili. Barua za maombi zipeleke tangu sasa, hazikuzuii kitu. Ukipenda vitambaa vyenyewe kuliko nguo, Eldoret kuna kiwanda cha vitambaa cha Rivatex, iliyochukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 na kuzinduliwa upya 2019, lakini kwa baba yako hiyo nadhani ni mbali kuliko Athi River.

Ualimu. Mwalimu wako amesema kweli nusu. Kufundisha shule ya sekondari chini ya TSC, tume ya walimu, kunataka mafunzo ya ualimu na masomo mawili ya kufundishia, na shahada yako peke yake haikufikishi. Mlango ulio wazi ni wa vyuo vya ufundi, ambako ushonaji na ubunifu wa mavazi hufundishwa. Pale unahitaji mafunzo ya ualimu wa ufundi, kama yanayotolewa na KTTC kule Gigiri, na kusajiliwa na TVETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi. Vile vyuo vidogo vilivyokuwa vikiitwa polytechnic za vijiji siku hizi viko chini ya kaunti, kwa hiyo nafasi hutangazwa na kaunti. Ukiwa na subira ya kungoja tangazo, ni kazi ya heshima, na jioni ni zako.

Duka la buibui nakukataza. Buibui zilizo tayari zinaingia kutoka Dubai na Eastleigh kwa bei ambayo wewe hununulii hata kitambaa, na madera ndiyo usiseme. Sare za harusi ni jambo tofauti: watu arubaini, kitambaa kimoja, mishono minne ya kuchagua, saizi zote. Hiyo ni kazi ya patani, na harusi za Amu hazishi. Ila pesa zote kabla ya kukata. "Nitakupa baada ya harusi" imewaua mafundi wengi, na anayeisema huwa ni jamaa yako.

Umesema mlisoma patani. Kama mlifundishwa na za kompyuta, kwa programu kama CLO, usiziache zikashika kutu. Wabunifu wadogo wa nje hutafuta watu wa kuwachorea patani na kuwapangia saizi, na kazi hiyo husafiri kwa intaneti bila kupanda boti. Ni kazi ya polepole mwanzoni, mteja wa kwanza ndiye mgumu. Maleba ya filamu, uhifadhi wa vitambaa kwenye makumbusho, uandishi wa mitindo: zote zipo Kenya, nafasi zake chache na karibu zote ziko Nairobi. Sizihesabu kwa sasa.

Tenda za serikali utaambiwa. Ni kweli asilimia 30 ya manunuzi ya umma imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na wewe una sifa mbili kati ya hizo. Mapazia ya hospitali na sare ni kazi zako kabisa. Sajili biashara, chukua cheti cha AGPO, kile cha kuingilia tenda za fungu hilo, lakini usitie kwenye tenda pesa ambayo unaihitaji mwezi huu. Kaunti hulipa, siku ikipenda.

Ukarani, mwambie mama kwa adabu kwamba umeshukuru. Ingekuwa nyumbani kuna njaa ningekwambia kesho uende. Barua yako haikusema kuna njaa, na kazi ya kushikwa mkono hupotea siku mkono ule ukiondoka ofisini.

Limebaki deni na mtaji. HELB huanza kudai mwaka mmoja baada ya masomo, na wewe muda huo umefika au unakaribia. Waandikie wewe kabla hawajakuandikia, waombe malipo madogo ya kila mwezi; anayekaa kimya ndiye anayeongezewa adhabu. Kuhusu mtaji, najua kwenu habari ya riba si ya mzaha. Mfuko wa Uwezo, wa serikali, haukopeshi kwa riba, hutoza ada ya uendeshaji, ila hukopesha vikundi, kwa hiyo utahitaji wenzako. Mkopo wa Hasla, nao wa serikali, una riba, uamuzi ni wako na wa anayekufundisha dini.

Mimi lakini sioni unakopa kwa nini. Kaftani ishirini kwa 4,000 ni 80,000. Arbuni ya nusu ni 40,000. Gharama kubwa za ishirini, pamoja na ujira wa fundi na mzigo wa Mombasa, ni 1,850 mara ishirini, yaani 37,000. Hata hujaenda kumwona mtu kwa mkopo, huyo bi wa Shela ameshakugharimia oda nzima, na 40,000 nyingine zinakungoja siku ya kupeleka. Mpe jibu wiki hii. Kitambaa kikiagizwa karibu na Disemba utakuta kila duka la Mombasa limeshauza rangi unazotaka.